TUSINUNUE SAUTI MIA MOJA ILHALI TWATAKA MOJA

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Nina kidonda kimoja cha aina hiyo nyumbani, kimelala chini ya kitanda, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Jambo lenyewe ni hili. Muhula ujao Chama cha Muziki kitakutana kuamua namna ya kutumia shilingi 24,000 tulizochangisha mwaka huu kwa kuosha magari ya wazazi na kuuza maua Siku ya Wazazi. Wanachama wengi, akiwemo mweka hazina wetu, wanataka tununue amplifaya moja kubwa ya gitaa. Mimi napinga. Naonelea tununue viigizi viwili vidogo vya kupigia gitaa kwa hedifoni, tena vya bei nafuu, lakini tuvichague kwa akili. Najua nitaitwa mpinga maendeleo. Hata hivyo, nisomeni hadi mwisho ndipo mnihukumu.

Nyumbani kwetu ni vyumba viwili katika mtaa wa Umoja, Nairobi. Mama ni muuguzi, na kila mwezi huwa na wiki mbili za zamu ya usiku. Hurudi saa mbili asubuhi, akanywa chai, akalala hadi saa tisa alasiri. Ukuta ulio baina ya chumba chake na sebule ni mwembamba hivi kwamba ukikohoa huku unaambiwa pole kule.

Sasa basi, likizo ya Aprili nilipokuwa Kidato cha Pili, mjomba wangu alinikabidhi gitaa lake la umeme pamoja na amplifaya nzito kama gunia la mahindi. Mjomba alipiga gitaa la solo katika bendi za hotelini kwa miaka mingi, kisha vidole vikaanza kumuuma akaacha. Siku aliponipa aliniambia, "Mpwa wangu, gitaa lisilopigwa hufa. Nikisikia umelilaza kabatini nitalichukua nimpe mwingine." Nikamwahidi kwamba nitalipiga kila siku. Ahadi ni deni.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nilichomeka waya nikafungua sauti kidogo tu. Kidogo! Amplifaya ile haikujua maana ya neno hilo. Jirani wa juu aligonga sakafu, mtoto wa jirani wa kando akaanza kulia, na mama akatoka chumbani macho mekundu kama pilipili. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti, na usiku huo akaenda kazini bila kupata usingizi. Kesho yake aliniita akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, usiku mimi huwapa wagonjwa dawa. Nikisinzia nikakosea kipimo, wewe utamwambia nini mwenye mgonjwa?"

Niliishiwa na maneno. Upande mmoja kulikuwa na mjomba na gitaa lake. Upande wa pili kulikuwa na mama na wagonjwa wake. Nilijikuna kichwa.

Kwanza nilijaribu kupiga gitaa bila kulichomeka popote. Gitaa la umeme halina tumbo lenye uwazi kama lile la kawaida, kwa hivyo likipigwa kavu husikika kama mtu anayekwaruza kitana. Mama alilala vizuri. Lakini baada ya mwezi, mjomba alipokuja na kunisikiliza kwa amplifaya, alitikisa kichwa. Nilikuwa nazigonga nyuzi kwa nguvu kama mpiga ngoma ili nijisikie, na nyuzi nisizozipiga zilikuwa zikivuma ovyo bila ya mimi kujua. Kasoro hizo hazisikiki gitaa likiwa kavu. Amplifaya ndiyo inayozianika. Basi nikaelewa kwamba mazoezi ya kimya si lazima yawe mazoezi ya kutosikia. Ninachotaka ni wengine wasisikie, bali mimi nisikie kila kitu.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaza hedifoni. Wakati wa likizo ya Agosti nilichemsha mayai na kukaanga smokie, nikauza kituoni kila jioni, hadi nikapata shilingi 4,500. Nikaingia mjini katika duka moja la vyombo vya muziki. Muuzaji alinionyesha sanduku lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ndani yake mna sauti zaidi ya mia moja. "Kijana, hii ni studio nzima," akasema. Mia moja! Nikalipa nikakimbia kama niliyeiba.

Lahaula! Nilipofika nyumbani nikavaa hedifoni, kilichonijia masikioni hakikuwa gitaa. Kilikuwa nyuki ndani ya kopo. Nikajaribu sauti ya pili, nyuki. Ya kumi, nyuki wenye hasira. Ya tisini, nyuki wakiwa ndani ya kisima. Niliporudi dukani niliambiwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Majuto ni mjukuu, na mimi nilikuwa tayari na wajukuu wa kutosha.

Mwalimu wetu wa Fizikia ndiye aliyenifumbua macho, nami nawapa elimu hiyo bure. Gitaa la umeme lina sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba chini ya nyuzi. Uzi wa chuma ukitikisika, umeme mdogo sana huzaliwa katika waya ule. Umeme huo ni dhaifu, hauwezi kuisukuma hedifoni wala spika. Amplifaya huukuza. Lakini amplifaya ya gitaa haikuzi tu, bali huongeza ladha yake, na spika yake nayo huongeza ladha. Spika ya kawaida ya gitaa, ile ya inchi 12, haipitishi vizuri sauti kali za juu kabisa. Kuanzia mitikisiko kama 5,000 kwa sekunde huanza kuziacha zipotee. Ni kama chujio la chai. Hedifoni haina chujio hilo. Hupitisha kila kitu, majani na yote, na ndiyo maana nikasikia nyuki. Kifaa changu kilitengenezwa kikae mbele ya amplifaya, siyo badala yake. Kiliigiza mambo mengi lakini hakikuigiza spika.

Kwa hivyo, somo la kwanza. Kabla ya kuuliza kifaa kina sauti ngapi, uliza: je, kinaigiza amplifaya pamoja na spika yake? Kama muuzaji hajui, mwambie akuwekee hedifoni masikioni, chagua sauti iliyokwaruza kidogo, kisha piga uzi mmoja. Ukisikia nyuki, shika njia.

Hapa niseme kidogo kuhusu historia, maana vifaa hivi si vya jana. Mwaka wa 1982, Mmarekani Tom Scholz, mhandisi na mpiga gitaa wa bendi iitwayo Boston, alitoa kisanduku cha kuvaa mkandani kilichoitwa Rockman, cha kupigia gitaa kwa hedifoni. Hakikuwa na kompyuta ndani. Mwaka wa 1998 kampuni ya Line 6 ya Marekani ikatoa POD, kifaa chekundu chenye umbo la harage. Hicho kilikuwa na kompyuta ndogo iliyoigiza amplifaya nyingi mashuhuri. Mwaka wa 2007 kampuni ya Vox ikatoa amPlug, kijisanduku kinachochomekwa moja kwa moja katika tundu la gitaa na kutumia betri mbili nyembamba kama za rimoti. Na mwaka wa 2021 Fender ikatoa Mustang Micro, mdogo kama huo, lakini wenye kompyuta inayoigiza amplifaya 12.

Kompyuta yenyewe hufanya kazi hivi. Hupima umeme wa gitaa maelfu ya mara kwa sekunde, mara nyingi 44,100 au 48,000, na kuugeuza kuwa tarakimu. Kisha huzipitisha tarakimu hizo katika hesabu zinazofuata mwenendo wa amplifaya fulani, halafu huzirudisha kuwa sauti. Yote haya hukamilika kabla hujapepesa jicho. Ndiyo sababu mimi nakiita kifaa hiki kiigizi. Na kwa kuwa kompyuta ndogo zimekuwa rahisi, kiigizi cha bei nafuu leo kinafanya kazi ambayo mwaka wa 1998 ilihitaji pesa nyingi. Basi swali letu si kama cha bei nafuu kinafaa. Kinafaa. Swali ni kipi kati ya hivyo vya bei nafuu.

Somo la pili linahusu wingi wa sauti. Hebu tujiulize, sisi tunapiga nini? Katika chama chetu tunapiga benga, tunapiga rumba, tunapiga nyimbo za kanisani, na mara mojamoja vijana wa Kidato cha Nne hutupigia roki. Sikilizeni benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz. Gitaa la solo ni safi, nyangavu, linadondoa noti mojamoja kwa kasi kama nyatiti, ile ala ya nyuzi nane ambayo wapiga benga waliiga mapigo yake. Hakuna mkwaruzo, hakuna ngurumo. Rumba nayo ni hivyo hivyo, gitaa safi lenye mwangwi kidogo. Viigizi vingi, kwa upande wao, vimejazwa sauti za roki ya Marekani na Uingereza. Ukinunua sauti mia, basi tisini kati yake utazifungua mara moja, ucheke, usizirudie tena. Kwa muziki wetu tunahitaji sauti moja safi, ya aina ya amplifaya za Fender, na mwangwi mdogo. Tukitaka anasa, tuongeze moja yenye mkwaruzo kwa ajili ya wale wa roki. Mbili tu. Kila kiigizi kizuri cha bei nafuu kina hizo mbili.

Tena kuna hatari nyingine katika wingi. Nilipokuwa na kile kisanduku cha sauti mia, nilikuwa nikikaa saa nzima nikigeuza vifungo, nikitafuta sauti isiyofanana na nyuki, hadi saa ikaisha na vidole havijajifunza chochote. Mchagua jembe si mkulima. Hata kiigizi kizuri kinaweza kumfanya mtu mchezea vifungo badala ya mpiga gitaa.

Somo la tatu ni hedifoni zenyewe. Binamu yangu aliniazima hedifoni zake zisizo na waya, zile za kuunganisha kwa bluutuuthi, za kisasa kabisa. Nikapiga uzi, kimya, kisha ndiyo sauti ikaja. Nilidhani gitaa limerogwa. Kumbe hedifoni za aina hiyo huchelewesha sauti, nyingi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na nyingine kwa sehemu mbili za kumi. Ukisikiliza wimbo hutatambua, kwa sababu wimbo wote umechelewa sawasawa. Lakini ukipiga wewe mwenyewe, mkono umeshatangulia. Fanya hesabu ya Fizikia: sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kuchelewa kwa sehemu mbili za kumi ni sawa na kupiga gitaa ukiwa golini huku spika iko mita 68 mbele yako, kupita nusu ya uwanja wa mpira. Nani ataweza kushika mapigo hivyo?

Zipo hedifoni zisizo na waya zilizotengenezwa mahsusi kwa gitaa, kama zile za Boss ziitwazo Waza-Air, lakini bei yake inapita mfuko wote wa chama. Kwa hivyo tutumie za waya. Tuchague zinazofunika sikio lote, zilizofungwa nyuma ili sauti isivuje, na zilizoandikwa kama omu 32, kwa maana kifaa kidogo cha betri kinazisukuma bila taabu. Zile za omu 250 za studio zitasikika kama mtu anayenong'ona. Na tusisahau kichwa cha waya: hedifoni nyingi zina kile kidogo cha milimita 3.5, ilhali viigizi vingine vina tundu kubwa la milimita 6.35. Kiunganishi ni pesa kidogo tu, lakini ukikikosa umekwama.

Somo la nne, na hili linatuhusu sisi wanafunzi hasa. Baadhi ya viigizi vipya ni vidogo na vizuri, lakini haviwezi kutengenezwa sauti sawasawa bila programu iliyo katika simu. Shuleni kwetu simu hairuhusiwi, nanyi mnajua yaliyompata yule mwenzetu wa bweni la chini. Kiigizi kinachotaka simu kitakuwa jiwe mikononi mwetu kuanzia siku ya kufungua shule hadi siku ya kufunga. Tuchague chenye vifungo vyake chenyewe. Halafu kuna umeme. Vingine huchajiwa kwa waya kama simu, na betri yake ikizeeka huwezi kuibadilisha kwa urahisi. Vingine hutumia betri za kawaida, ambazo tunaweza kununua zile za kuchaji na kuzizungusha. Kwa shule ya bweni ambapo stima hupotea inavyotaka, mimi napendelea za kawaida.

Ndivyo nilivyochagua mimi mara ya pili. Niliuza mayai tena likizo ya Desemba. Safari hii nilienda na mjomba, tukapata Zoom G1 Four ya mtumba kwa shilingi 6,500. Ni mashine ya kukanyagwa kwa mguu, iliyotoka mwaka wa 2019. Inatumia betri nne za kawaida au umeme wa ukutani, ina vifungo vyake, inaigiza amplifaya na spika, na ndani yake mna mapigo ya ngoma ya kufanyia mazoezi. Mjomba aliijaribu palepale dukani kwa dakika ishirini. Aligeuza kila kifungo akisikiliza kama kinakwaruza, akatikisa kila tundu, akakanyaga kila swichi, akatazama kama mahali pa betri pamepata kutu. Muuzaji alinuna, lakini mjomba hakujali. Fedha ni zako, masikio ni yako, kwa nini uone haya?

Sisemi kwamba tununue hicho hicho. Mwenye kutaka sauti moja tu safi anaweza kutosheka na kijisanduku kama amPlug, ambacho bei yake ng'ambo imekuwa karibu dola 40 hadi 50, na kwa kiwango cha mwaka wa 2025 dola moja ilikuwa takriban shilingi 130. Bado nauli na ushuru, lakini si mbali na bei ya kiatu. Ninachosema ni kwamba njia ya kuchagua ni ile ile.

Somo la tano ni afya. Kimya kwa jirani si kimya kwa sikio lako. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 90 saa hizo hupungua hadi 4 tu. Kwa hivyo tusifungue sauti hadi meno yatetemeke. Kanuni yangu ni rahisi: mtu akiniita jina langu kwa sauti ya kawaida akiwa karibu nami, nimsikie. Nisipomsikia, napunguza.

Sasa turudi shuleni. Chumba chetu cha muziki kimepakana na maktaba, na kila jioni Kidato cha Nne wako humo wakisoma. Ndiyo sababu tunaruhusiwa kupiga gitaa Jumamosi pekee, saa nane hadi saa kumi. Wapiga gitaa tuko kumi na mmoja, magitaa mawili, amplifaya moja ya zamani. Dakika 120 tukigawana kumi na mmoja, kila mtu anapata chini ya dakika kumi na moja kwa wiki. Kwa wiki, ndugu zangu! Hata kulisawazisha gitaa kunakula dakika tatu.

Amplifaya kubwa mpya itaongeza nini hapo? Itaongeza kelele tu, dakika zitabaki zile zile. Lakini tukiwa na viigizi viwili na hedifoni mbili, tunaweza kupiga kila jioni kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu, ukutani mwa maktaba palepale, na hakuna atakayegeuza shingo. Siku tano kwa dakika 90, mara magitaa mawili, ni dakika 900. Ongeza Jumamosi dakika 240. Gawanya kwa kumi na mmoja: kila mtu anapata zaidi ya dakika mia moja kwa wiki. Kutoka kumi hadi mia!

Gharama je? Viigizi viwili vya mtumba, shilingi 13,000. Hedifoni mbili za waya, 4,000. Betri za kuchaji pamoja na chaja yake, 2,500. Viunganishi, 500. Jumla ni 20,000. Zinabaki 4,000 za kununulia nyuzi, ambazo sasa tunazifunga mafundo kama kamba za mbuzi.

Mgala muue na haki yake umpe. Mweka hazina ana hoja zake, nami sitazificha. Anauliza, Siku ya Wazazi tutapigia wapi, hedifonini? Swali zuri. Jibu ni kwamba kiigizi kinachoigiza spika kinaweza kuchomekwa moja kwa moja katika mashine ya vipaza sauti ya ukumbini, ile ile anayoitumia mwalimu mkuu. Hakihitaji amplifaya ya gitaa katikati. Ana hoja ya pili pia, nayo ni nzito zaidi: kwamba mtu aliyezoea hedifoni hujifunza kujisikiliza mwenyewe tu, na akiingia bendini hajui kupunguza sauti ili mwimbaji asikike. Hili ni kweli. Mimi mwenyewe mara ya kwanza kupiga na wenzangu niliwafunika wote, hadi mpiga besi akaweka gitaa lake chini. Kwa hivyo sipendekezi Jumamosi ifutwe. Jumamosi iwe siku ya kupiga pamoja, kwa amplifaya yetu ya zamani, na siku nyingine ziwe za kila mtu na vidole vyake. Anayekuja Jumamosi awe ameshajua sehemu yake, tusitumie saa mbili za pamoja kufundishana kushika nyuzi.

Kuna na wale wanaosema ati amplifaya kubwa italetea shule sifa. Sifa! Wageni wakija wataiona pembeni, imefunikwa kitambaa, kama ile piano ya ukumbini ambayo hakuna anayejua ufunguo wake uko wapi. Sifa ya chama cha muziki ni muziki.

Nimalize na kisa kifupi. Likizo iliyopita, mama alikuwa ameamka, yuko sebuleni anakunywa chai kabla ya kwenda zamu. Mimi nilikuwa kitini, hedifoni masikioni, napiga. Alinitazama kwa muda, kisha akaninyooshea mkono. Nikamvika zile hedifoni nikaendelea kupiga. Alisikiliza wimbo wote bila kusema neno. Alipozivua akaniambia, "Kumbe ndivyo unavyopiga? Mwaka mzima nilidhani unachezacheza tu." Kisha akachukua mkoba wake akaenda kazini. Alikuwa amelala saa saba zilizotimia.

Mjomba naye hajaja kulichukua gitaa lake.

Wanachama wenzangu, muhula ujao tutakapoinua mikono, tuwafikirie Kidato cha Nne walio upande wa pili wa ukuta, na tuwafikirie wale kumi na mmoja wenye dakika kumi. Kisha tuchague. Na anayetaka kuona sauti mia moja zinavyofanana, aje nyumbani likizoni. Nitamtolea kile kisanduku chini ya kitanda.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na mwanachama wa Chama cha Kiswahili na Chama cha Muziki.